MKIMBIAJI WA ELDORET KATIKA NCHI YA THELUJI

Reli itokayo Nakuru kwenda Eldoret hupanda mlima kwa mwendo mrefu. Huendelea kupanda hata Timboroa, mahali palipoinuka zaidi ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari. Wakulima wa pande hizo, wapandao viazi na pareto, wanaijua baridi kwa hasara zake. Asubuhi nyingine mtu huamka akakuta sakitu imelala juu ya majani kama unga uliomwagika, na shina la kiazi lililokuwa kijani jana limekuwa jeusi. Mvua ya mawe ikipiga, shamba zima huweza kuwa jeupe kwa muda. Lakini jua likipanda weupe wote huyeyuka, na mtu hurudi kwenye jembe lake. Theluji ilalayo chini miezi mingi, watoto wakacheza juu yake na ng'ombe wakafungiwa ndani kwa ajili yake, hilo ni jambo lisilojulikana katika Bonde la Ufa.

Ng'ambo ya Timboroa reli hushuka mpaka uwanda wa Uasin Gishu, nchi ya mahindi na ngano, hata mji wa Eldoret. Huko ndiko alikozaliwa Bwana Philip Kimely Boit, mwezi wa Desemba mwaka 1971. Mtu huyu ndiye Mkenya wa kwanza kushindana katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi, yaani ile michezo ifanywayo juu ya theluji na barafu. Hakushinda. Katika shindano lake la kwanza alifika wa mwisho, na muda wake ulizidi ule wa mshindi kwa dakika 20. Hata hivyo watu wengi waliosahau majina ya walioshika nafasi ya pili na ya tatu siku ile wanalikumbuka jina lake. Sababu yake inastahili kuelezwa kwa taratibu, maana ndani yake yamo mambo yamhusuyo kila mtu aliyewahi kuanza kazi mpya akiwa mtu mzima.

MICHEZO YA NCHI ZA BARIDI

Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ilianzishwa mwaka 1924 katika mji wa Chamonix, nchini Ufaransa. Mwaka huo huo ndipo reli ilipofika Eldoret. Miongoni mwa mabingwa wa Chamonix alikuwako Mfini mmoja, mzaliwa wa mji wa Helsinki, aliyeitwa Clas Thunberg. Mchezo wake ulikuwa mbio za kuteleza juu ya barafu, ambamo mtu huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini ya wayo, akajisukuma kwa miguu akizunguka uwanja wa barafu ngumu. Thunberg alikuwa na umri wa miaka 30 wakati huo, umri ambao wanariadha wengi hufikiri kustaafu. Katika Michezo ya 1924 na ile ya 1928 alipata nishani 5 za dhahabu, 1 ya fedha na 1 ya shaba. Mwenziwe wa Ufini, Julius Skutnabb, alishinda mbio ndefu za mita 10,000 huko Chamonix.

Ushindi huo wa Wafini haukuwa wa ajabu kwa mtu aijuaye nchi yao. Ufini ni nchi ya maziwa mengi sana, na majira ya baridi yakiingia maziwa hayo huganda. Msomaji na afikiri Ziwa Nakuru limekuwa gumu tangu ufuko hadi ufuko, hata mtu akaweza kulivuka kwa miguu bila kulowa. Ndivyo yalivyo maziwa ya huko. Mtoto wa Kifini huvikwa vyombo vya kuteleza akiwa mdogo, na huijua theluji kama vile mtoto wa Uasin Gishu ajuavyo njia ya kwenda shule. Akifika umri wa kushindana, miguu yake imekwisha kujifunza miaka mingi bila yeye mwenyewe kujua kwamba alikuwa akifundishwa.

Bwana Boit aliingia katika nchi ya watu kama hao akiwa na umri wa miaka 24.

UKOO WA WAKIMBIAJI

Si kweli kwamba alitoka nyumbani bila sifa. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800, na mbio hizo zina heshima kubwa katika Bonde la Ufa. Nishani ya kwanza kabisa ya Olimpiki kupatikana na Kenya ililetwa na Bwana Wilson Kiprugut wa Kericho, aliyeshika nafasi ya tatu katika mita 800 huko Tokyo mwaka 1964. Miaka minne baadaye, katika mji wa Mexico, alipanda akashika nafasi ya pili. Mwaka 1972, huko Munich, Bwana Mike Boit alishika nafasi ya tatu katika mbio hizo hizo. Mike Boit ni ami yake Philip.

Basi kijana huyu alikulia katika ukoo ambao nishani ya Olimpiki haikuwa habari ya kusomwa gazetini tu. Naye mwenyewe aliweza kukimbia mita 800 kwa muda usiofika dakika 1 na sekunde 47. Katika nchi nyingi mtu wa mwendo huo angechaguliwa kuiwakilisha nchi yake bila shida. Lakini Kenya haikuwa nchi ya namna hiyo. Wakimbiaji hodari wa mita 800 walikuwa wengi, na nafasi za kwenda kwenye mashindano makubwa zilikuwa chache, nazo ziligombewa na watu ambao sekunde moja tu iliwatenga. Mtu aweza kuwa hodari sana, akabaki mlangoni kwa sababu waliomtangulia ni hodari zaidi kwa hatua mbili.

WAZO LA KAMPUNI YA VIATU

Mwaka 1996 kampuni ya Nike ya Marekani, itengenezayo viatu na mavazi ya michezo, ilitoa fedha ili wakimbiaji wawili wa Kenya wapelekwe Ufini kujifunza mchezo wa skii. Wawili hao walikuwa Bwana Philip Boit na Bwana Henry Bitok. Wazo lenyewe lilikuwa rahisi kulieleza. Wakimbiaji wa Kenya wana mapafu yenye nguvu na miguu isiyochoka upesi, nao hufanya mazoezi katika nchi ya juu ambako hewa ni nyepesi. Mbio ndefu za skii nazo zataka mapafu na uvumilivu kuliko kitu kingine. Je, mtu mwenye vitu hivyo viwili hawezi kufundishwa vilivyobaki?

Swali hilo lilikuwa zuri, na jibu lake lilipatikana upesi kuliko walivyotazamia walioliuliza. Vilivyobaki vilikuwa vingi mno.

Vijana hao walifika Ufini wakati wa baridi. Walitoka katika nchi ambayo jua huchomoza na kuchwa karibu saa zile zile mwaka mzima, wakaingia katika nchi ambayo wakati wa baridi mchana huwa mfupi sana na theluji imefunika mashamba, mapaa ya nyumba na barabara. Kwa mara ya kwanza walilazimika kuvaa nguo juu ya nguo kabla ya kutoka nje, na kujua kwamba mtu akisimama bila kujisogeza baada ya kutoka jasho aweza kudhurika. Kisha wakafungiwa skii miguuni.

NAMNA YA MCHEZO WENYEWE

Skii ni vipande viwili virefu vyembamba, vyenye ncha iliyopinda juu mbele, na huweza kuzidi urefu wa mtu mwenyewe. Katika mbio ndefu, kiatu hufungwa kwenye skii kwa ncha ya mbele tu, na kisigino huachwa huru. Mikononi mtu hushika fimbo mbili za kujisukumia. Katika mtindo wa kale, ambao ndio Bwana Boit aliotumia katika shindano lake la kwanza la Olimpiki, mwenye skii hufuata mifereji miwili iliyochongwa katika theluji. Hukanyaga kwa mguu mmoja, akateleza kwa mguu wa pili, huku akichoma fimbo ya upande wa pili.

Mtu akitazama kwa mbali huona kama mwendo wa kutembea uliorefushwa. Lakini siri yake iko chini ya skii. Katikati ya skii hupakwa nta inayonata, na mbele na nyuma hupakwa nta inayoteleza. Skii imepinda kidogo kama uta; mtu akiweka uzito wake wote juu ya mguu mmoja, ile sehemu ya katikati hugusa theluji ikashika, naye akapata mahali pa kujisukumia. Akiugawa uzito wake, katikati huinuka na skii huteleza. Asiyejua kuhamisha uzito wake kwa wakati wake hurudi nyuma penye mlima, na penye tambarare hukwama.

Tena nta yenyewe hubadilika kwa kadiri ya hali ya theluji. Theluji kavu ya baridi kali ina nta yake, na theluji yenye maji ina yake. Iliyo ngumu kuliko zote ni theluji mpya inayoanguka hewa ikiwa karibu na kipimo cha kuyeyuka. Hiyo hugandamana chini ya skii kama udongo mweusi wa mbuga unatavyo kwenye viatu wakati wa masika, hata mtu akahisi amebeba mzigo kwa kila mguu. Wataalamu wenyewe hukosea siku kama hizo.

Zaidi ya hayo, mwili wa mkimbiaji haukuumbwa kwa kazi hii. Mkimbiaji hupenda mikono yake iwe myembamba na myepesi, kwa kuwa kila ratili isiyotumika ni mzigo. Mwenye skii hutumia mikono, mabega, mgongo na tumbo tangu mwanzo hata mwisho. Mambo yaliyomsaidia Bwana Boit katika uwanja wa mbio yalikuwa upungufu katika theluji. Na kushuka mlima, ambako kwa mkimbiaji ni kupumzika, kwa mgeni wa skii ni hofu tupu, maana hujikuta akienda kwa kasi ya gari bila kuwa na breki anazozijua. Mtu aliyekuwa amezoea kuwaacha wengine nyuma sasa alianguka mbele ya watoto waliompita bila kugeuka.

Hapa ndipo penye jambo gumu kuliko baridi. Asiye na ujuzi wowote huanza kujifunza bila aibu, kwa sababu hana cha kupoteza. Lakini mtu aliyekwisha kuwa hodari katika kazi moja, akaiacha na kuwa mwanafunzi wa chini kabisa katika nyingine, hulazimika kuiweka heshima yake kando kila asubuhi. Karani wa miaka mingi aletewaye mashine mpya ofisini anaijua hali hiyo. Mkulima wa mahindi ajaribuye kufuga ng'ombe wa maziwa wa kisasa, akaulizia mambo ambayo mtoto wa jirani anayafahamu, anaijua pia.

Bwana Boit alivumilia. Alipokuwa nyumbani Kenya, ambako theluji ya kufanyia mazoezi haikuwako, alijizoeza barabarani kwa skii fupi zenye magurudumu. Msafiri aliyepita akaona mtu mzima anajisukuma kwa fimbo mbili juu ya lami, jua likiwaka, bila shaka alikuwa na mengi ya kusimulia alipofika nyumbani.

SIKU YA NAGANO

Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 1998 ilifanywa Nagano, nchini Japani. Kenya ilikuwa na mshindani mmoja tu, Bwana Philip Boit. Tarehe 12 Februari alisimama mahali pa kuanzia mbio za kilomita 10 za mtindo wa kale, katika uwanja wa skii wa Hakuba. Kilomita 10 si mbali na mwendo wa kutoka katikati ya mji wa Nakuru hadi Lanet. Kwa mkimbiaji wa Bonde la Ufa ni mazoezi ya asubuhi, naye huimaliza kabla ya chai.

Mashindano ya namna hii hayaanzwi kwa watu wote kutoka pamoja. Kila mshindani hutolewa peke yake, mmoja baada ya mwingine, na saa ndiyo iamuayo. Kwa hiyo mtu hushindana na watu asiowaona, na mara nyingi hajui nafasi yake ila kwa kuambiwa na walio kando ya njia.

Hali ya hewa siku hiyo haikuwa rafiki wa mgeni. Theluji ilikuwa na maji, nzito, yenye kunata. Bwana Boit, aliyekuwa na miaka miwili tu ya kujifunza, alikutana na hali ile ile iwashindayo hata waliozaliwa katika theluji. Alipanda vilima kwa shida, akashuka kwa tahadhari, akaanguka, akainuka, akaendelea. Wenzake walimpita mmoja baada ya mmoja mpaka njia ikabaki yake peke yake.

Mshindi alikuwa Bwana Bjørn Dæhlie wa Norwei, aliyemaliza kwa dakika 27, sekunde 24 na sehemu 5 za kumi. Bwana Boit alimaliza kwa dakika 47, sekunde 25 na sehemu 5 za kumi, akashika nafasi ya 92, ambayo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwa waliofika. Wako na wengine walioanza siku ile wasimalize. Naye alikuwa na kila sababu ya kukaa chini kando ya njia bila mtu kumlaumu. Hakuketi.

BINGWA ALIYENGOJA

Inafaa kueleza Dæhlie alikuwa mtu wa namna gani. Katika nchi yake ya Norwei mchezo wa skii huheshimiwa kama mbio zinavyoheshimiwa Eldoret, na yeye alikuwa mkuu kupita wote wa wakati wake. Michezo ya Nagano ilipokwisha alikuwa amekusanya, katika Michezo mitatu ya Olimpiki, nishani 8 za dhahabu na 4 za fedha. Mtu wa cheo hicho, akiisha kushinda, huzungukwa na waandishi wa habari, wapiga picha na wakubwa. Wasimamizi walitaka sherehe ya washindi ifanywe kwa wakati wake.

Dæhlie hakuwa tayari. Alisema kwamba yule Mkenya bado yuko njiani, naye atamngoja. Basi sherehe ikangoja. Bingwa akasimama penye mstari wa mwisho katika baridi ile, pamoja na watazamaji waliobaki. Hatimaye Bwana Boit akatokea, amechoka, akijisukuma kwa fimbo zake huku watu wakimshangilia. Alipouvuka mstari, mtu wa kwanza wa kumpokea alikuwa Dæhlie, aliyemkumbatia kama ndugu.

Picha ya watu hao wawili ilikwenda ulimwenguni kote. Wapo walioiona kuwa ni upole tu wa bingwa kwa mnyonge. Lakini afikiriye zaidi ataona jambo jingine. Dæhlie alizijua zile kilomita 10. Alijua theluji ya siku ile ilikuwa ya namna gani, na alijua kwamba mtu asiye na ufundi hutumia nguvu nyingi zaidi kwa kila hatua kuliko mwenye ufundi. Ugumu ambao yeye aliustahimili dakika 27, mgeni aliustahimili dakika 47. Mwashi mzuri hamcheki mwanafunzi wake anapopanga matofali kwa shida, kwa kuwa anaijua kazi. Wachekao mara nyingi ni wale wapitao njiani, ambao hawajashika mwiko hata siku moja.

Urafiki wao haukuishia hapo. Bwana Boit aliporudi nyumbani alimpa mwanawe mchanga jina la Daehlie. Katika desturi za nchi, mtoto hapewi jina la mtu ovyo ovyo; jina ni ukumbusho na ni kifungo cha udugu. Hivyo jina la bingwa wa Norwei likaingia katika ukoo wa Boit wa Eldoret.

JE, ULIKUWA MZAHA?

Haikukosekana minong'ono. Wako waliosema kwamba jambo lote lilikuwa tangazo la biashara, na kwamba kampuni ya viatu ilimtumia Mwafrika ili watu wacheke na kununua. Wengine walisema Michezo ya Olimpiki ni mahali pa walio bora, si mahali pa wanafunzi, na kila nafasi apewayo asiyestahili humnyima anayestahili.

Maneno hayo si ya kutupwa yote. Kampuni ya biashara haitoi fedha bila kutazamia faida, na hilo si siri. Mashindano makubwa nayo lazima yawe na kipimo, la sivyo yangekuwa gulio. Kwa kweli, mashirika ya michezo ya baridi yaliendelea kuwataka washindani wawe na alama za kutosha kutoka mashindano mengine kabla ya kukubaliwa, na kipimo hicho kilikuja kumgusa Bwana Boit mwenyewe.

Lakini nia ya mwenye fedha ni jambo moja, na juhudi ya mfanya kazi ni jingine. Mtu aweza kuajiriwa kwa sababu isiyo nzuri, akaifanya kazi yake vizuri. Kama kwa Bwana Boit huo ulikuwa mzaha, ungekwisha siku ile ile huko Hakuba. Picha ilikuwa imekwisha kupigwa, na kampuni ilikuwa imekwisha kutajwa. Mtu wa mzaha angerudi nyumbani, akazitundika skii ukutani na kusimulia habari zake mpaka uzee. Basi na yatazamwe aliyoyafanya baadaye.

MIAKA ILIYOFUATA

Bwana Boit alirudi kwenye theluji. Mwaka 2002, katika Michezo ya Salt Lake City nchini Marekani, alishindana tena kwa ajili ya Kenya. Mwaka huo ndipo zilipoingizwa kwa mara ya kwanza katika Olimpiki mbio fupi za skii, nazo zilimfaa zaidi mtu aliyekuwa mkimbiaji wa mita 800. Aliingia katika mbio hizo, na safari hii hakuwa wa mwisho. Nyuma yake walikuwako wengine. Huenda jambo hilo likaonekana dogo kwa mtu aliyezoea kusoma habari za nishani. Kwa mtu aliyeanza mwisho kabisa, kumpita mtu mmoja ni hatua kubwa.

Mwaka 2006, akiwa na umri wa miaka 34, alikwenda Torino, Italia, akashindana katika kilomita 15 za mtindo wa kale, akamaliza. Hiyo ilikuwa Michezo yake ya tatu ya Olimpiki. Wakimbiaji wengi wa Kenya wenye mwendo wa ajabu hawakupata hata mmoja.

Alijitahidi tena kwa ajili ya Michezo ya mwaka 2010 huko Vancouver, nchini Kanada, lakini hakupata alama zilizotakiwa, na mlango ukafungwa. Hata hivyo mwaka 2011 alionekana katika mashindano ya ubingwa wa dunia mjini Oslo, katika nchi ya rafiki yake Dæhlie. Wakati huo umri wake ulikuwa miaka 39, na ilikuwa imepita miaka 15 tangu alipofungiwa skii kwa mara ya kwanza.

Miaka 15 ni muda mrefu kwa mzaha.

NJIA ILIYOFUNGULIWA

Kwa miaka 20 tangu Nagano, hapakutokea Mkenya mwingine katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ila yeye. Ndipo mwaka 2018, huko Pyeongchang katika Korea ya Kusini, Bibi Sabrina Simader aliyezaliwa Kilifi na kulelewa Austria alipoiwakilisha Kenya katika mchezo wa kushuka milima kwa skii. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kufanya hivyo. Naye hakupata nishani, lakini hakuna aliyeuliza tena kama bendera ya Kenya ina haki ya kupepea penye theluji. Swali hilo lilikwisha kujibiwa na mtu wa Eldoret.

Hakuna haja ya kumfanya Bwana Boit awe bingwa asiyekuwa. Clas Thunberg na Bjørn Dæhlie walikuwa mabingwa, na ubingwa wao umepimwa kwa saa na kwa nishani. Bwana Boit alipimwa kwa saa hiyo hiyo, na saa haikumpendelea. Heshima yake ni ya namna nyingine, nayo haiandikwi katika orodha ya washindi. Alikubali kuanza chini baada ya kuwa juu. Alikubali kuonekana anashindwa mbele ya dunia nzima. Na kila alipoanza mwendo akiwa na nguvu za kuumaliza, aliumaliza.

Katika mashamba ya Molo na Njoro, na katika ofisi za Nakuru, wako watu wengi ambao hawajaribu jambo jipya kwa kuwa wanaogopa kuwa wa mwisho. Mmoja anaogopa kwenda darasa la watu wazima, kwa sababu watoto wa jirani wanasoma upesi kuliko yeye. Mwingine anaogopa kupanda mbegu asiyoizoea, kwa sababu jirani atamcheka ikikosa. Watu hao na wakumbuke siku ya Hakuba. Waliokuwa na haraka ya sherehe walitaka kuondoka, lakini aliyeijua kazi kuliko wote alibaki kumngoja mtu wa mwisho. Mwanafunzi mwenye bidii hana haja ya kumwogopa fundi wa kweli, maana fundi huyo naye alianza kwa kuanguka.